Dola Zilizotiwa Wanga

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala, ingawa nakufahamu, huenda ikakukuta chini ya sinki la mtu na bomba mkononi, hujaonja kitu tangu asubuhi. Kile kikohozi chako kimekwisha? Na ule ubishi wako na msimamizi umekwisha, au bado mnanuniana? Sisi huku wazima. Shemeji yako mzima na kitambi chake kizima, karakana yake ya kuchomelea inaendelea vizuri, anakusalimu sana. Mimi mdogo wako napiga pasi na kupiga kelele kama kawaida. Mama hajambo, na habari zake hasa ndizo zilizonikalisha kitako kuandika.

Najua umenikasirikia. Umepiga simu wee, ukauliza kama dola zimeshabadilishwa, nikasema bado kidogo. Ukauliza kwa nini bado, nikajifanya mtandao unakatika. Haukuwa unakatika, kaka, nilikuwa nakukatia mimi. Kuna mambo hayasemeki kwenye simu huku Mama amekaa ubavuni kwangu ametega sikio. Sasa rafiki yako yule fundi wa kupaka rangi anarudi huko na amekubali kunibebea barua, basi nitakueleza yote. Mwisho wake ni mzuri, nakuapia, kwa hiyo soma taratibu, usirukie ukurasa wa mwisho kama tabia yako.

Unakumbuka mambo yalivyokuwa. Mwenye nyumba alitutangazia kwamba anauza, anahamia kwa bintiye na amechoka kusumbuliwa na paa na mabomba. Alitupa sisi nafasi ya kwanza kwa heshima ya Mama, aliyemfulia mashati tangu akiwa kijana wa ofisini, lakini akasema nafasi hiyo ni hadi mwisho wa mwezi tu. Baada ya hapo angempa yule bwana wa magari, ambaye alishakuja mara mbili kupima uwanja kwa hatua zake, anataka kubomoa kila kitu aweke mahali pa kuoshea magari. Hapo tusingepoteza vyumba vya kulala peke yake. Chumba cha mbele chenye meza ya pasi kingekwenda, na kazi ingekwenda nacho, maana mteja wa dobi hamfuati dobi mtaa wa tatu. Na mwenye nyumba alitaka pesa za hapa hapa, ziingizwe benki. Dola zako hakutaka hata kuzigusa. Alisema yeye ni mzee, hawezi kutofautisha dola na karatasi ya biskuti.

Basi ulipoagiza kwamba zile dola ulizokuwa ukimwachia Mama kila ulipokuja likizo zibadilishwe zote, nilianza maandalizi kama anayeandaa harusi. Kila asubuhi, nikitoka kupeleka nguo za wateja, nilipita kwenye maduka ya kubadilisha fedha kusoma bei zilizoandikwa kwenye ubao. Siku ya kwanza nilifurahi nusura niruke. Nilipiga hesabu nikaona tukishalipa nyumba tutabaki na pesa ya pasi mpya mbili na jiko. Nikamwambia yule binti wa dirishani kwamba bei yao nzuri sana, Mungu awabariki. Akanitazama kwa huruma akaniambia dada, hiyo unayosoma ni bei ya sisi kukuuzia wewe, ya kununua kwako ni hiyo ya pembeni. Nilirudi nyumbani nimenywea, pasi zote mbili zimekufa njiani pamoja na jiko.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba noti ya mia inapata bei nzuri kuliko za kumi na ishirini, hata zikifika mia hiyo hiyo. Nilijifunza kwamba zile za zamani zenye picha ya kichwa kidogo wanazikata bei, na nyingine hawazitaki kabisa. Yenye mchoro wa kalamu hawaitaki, iliyochanika pembe hawaitaki, iliyolowa mafuta ndiyo kabisa. Nilijifunza pia kwamba kwa kiasi kikubwa kama kile benki ndiyo salama, ila watataka kitambulisho na karatasi ya kuonyesha fedha zimetoka wapi. Ndiyo sababu nilikusumbua kwa ule mkataba wako wa kazi, na asante kwa kuutuma haraka.

Shemeji yako nilimteua kuwa mlinzi. Siku yenyewe akajitokeza na buti zake za karakanani na miwani myeusi, nikamwambia avue miwani maana amefanana na mtu aliyekuja kutuibia. Fedha tulipanga kuzibeba ndani ya kapu la nguo, juu tumepanga mashati ya wateja. Nani atamtazama dobi aliyebeba kapu la nguo? Niliona nimefikiria kila kitu, kaka. Nilijisifu mpaka nikajichoka.

Kilichobaki ni fedha zenyewe. Mama, kama unavyomjua, hakuwahi kumwambia mtu zilipo. Alijifungia chumbani, tukasikia vitu vinaburutwa, kisha akatoka amekumbatia foronya. Niliifungua mezani ili nitenganishe noti kubwa na ndogo. Nilichomoa moja, ikabaki imenyooka mkononi mwangu kama kola ya shati la bwana harusi. Niliikunja, ikalia. Nilichomoa ya pili, ya tatu, zote ngumu, zinang'aa, zimepigwa pasi hata alama ya kukunjwa haionekani.

Mama alikuwa amezitia wanga.

Ndiyo, kaka, soma tena. Alisema hayo kama mtu anayekuambia amefagia uwanja. Alizichovya kwenye wanga mwepesi, akazianika kivulini, akaziwekea kitambaa juu na kuzipiga pasi ya moto mdogo. Kila ulipoleta nyingine alizifanyia vivyo hivyo. Alisema pesa nayo ni kama nguo, ikilegea inachakaa upesi, na kwamba katika maisha yake yote hakuna kitu kilichotoka mikononi mwake kikiwa kimelegea.

Nilipayuka. Wewe mwenyewe ndiye uliyeniita Tindikali, basi siku ile nilistahili jina langu. Nilisema nimezunguka mji mzima kwa miguu nikijifunza mambo ya noti kumbe kuna mtu nyumbani anazigeuza kola. Mteja mmoja alikuwa barazani analeta nguo, akasikia sauti yangu, akaondoka nazo. Mama akauliza kwa upole kama nimemaliza, akajifunga mtandio, akasema twende benki.

Ulikuwa umesema Mama abaki nyumbani, nakumbuka. Jaribu wewe kumwambia.

Benki tulisubiri kwenye foleni, Mama kamshika shemeji yako mkono. Keshia alikuwa binti mchangamfu, akatukaribisha, akatazama kitambulisho na mkataba wako, akasema kila kitu kiko sawa. Akaweka noti kwenye mashine ya kuhesabia. Mashine ikameza ya kwanza, ikaitapika. Ikameza ya pili, ikaitapika. Ya tatu ikakwama, mashine ikaanza kulia kama mtoto aliyebanwa kidole. Tabasamu la yule binti likaondoka kidogo kidogo, akanyanyua simu akamwita mkubwa wake. Punde tulikuwa tumekalishwa kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, askari amesimama mlangoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilishajiona nimevaa sare za gerezani, na baya zaidi, nilijiona nazifua.

Yule mkubwa alikuwa mtu mstaarabu. Aliisugua noti, akaiinua kwenye taa, akainusa, kisha akauliza kwa adabu ile ni harufu ya nini. Nikasema wanga. Akauliza wanga wa namna gani. Kabla sijafungua mdomo Mama akadakia, akamweleza jinsi unavyochanganywa na jinsi unavyochujwa, kwa fahari kabisa, kama vile ameombwa afundishe. Yule bwana aliuma midomo ili asicheke. Akatueleza kwamba kwa macho noti ni halali, lakini mashine haziwezi kusoma karatasi iliyopakwa kitu, na yeye hawezi kuingiza kwenye sanduku lake noti ambazo mashine imezikataa. Angeweza kuzipeleka makao makuu zikaguliwe moja moja, ila ingechukua wiki kadhaa. Sisi hatukuwa na wiki kadhaa. Mwezi ulikuwa umebakiza siku za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tukatoka na kapu letu kama tulivyoingia.

Njiani nilikuwa nalia ndani kwa ndani, namwona yule bwana wa magari anapima chumba changu cha pasi kwa hatua zake. Ndipo shemeji yako akakumbuka kwamba mafundi wenzake wanamtaja mtu mmoja mwenye ofisi juu ya duka la simu, anayepokea noti wagonjwa, zilizochanika, zilizolowa, hata zilizong'atwa na panya. Wanamwita Daktari. Najua, kaka. Ulisema benki au basi. Lakini wewe ulikuwa mbali, na mimi maji yalikuwa yamenifika shingoni.

Daktari alitupokea vizuri mno, na hapo nilipaswa kushtuka. Chumba kina feni, meza ya kioo, simu tatu, na friji ndogo ambamo alitoa soda baridi akampa kila mtu. Mama yetu alimpa jina la heshima, akawa anamwita mama mzazi. Alizigusa zile noti akacheka, akasema huyu si mgonjwa, huyu ni mzima kuliko sisi. Akataja bei iliyopita hata ya benki. Mimi kwa furaha nikaona amani imerudi duniani. Alizihesabu mbele yetu, sawasawa, hakukosea hata moja, akazitia kwenye bahasha ya kaki, akaiweka kando yake, akainama kwenye droo kutoa pesa zetu. Simu ikalia. Akasikiliza, uso ukamrefuka, akatuambia kwa masikitiko kwamba mkubwa wake anasema dola imeanguka sasa hivi. Akataja bei mpya. Kaka, hiyo haikuwa bei, yalikuwa matusi.

Damu ikanichemka. Nilisimama nikamwambia aturudishie dola zetu, na nikamwambia na mengine ambayo sitayaandika kwa heshima yako. Akafanya kama ameumia, akasukuma bahasha mbele yangu. Nikaichungulia, nikaona noti ya mia juu, nikaisokomeza kapuni, nikaelekea mlangoni huku bado natema maneno. Sasa naelewa kwamba hasira zangu ndizo alizokuwa anazisubiri. Mtu mwenye hasira hahesabu.

Mama hakuinuka. Aliniambia nimpe ile bahasha kwanza. Nikampa, nikidhani anataka kuibeba yeye. Akaingiza vidole ndani, akazipekua kama anavyokagua mishono ya nguo. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba hizi si zake. Daktari akacheka, akasema mama mzazi amechoka na jua. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona haya. Nikamwambia Mama asituaibishe zaidi, bahasha ni ile ile, mia nimeiona kwa macho yangu. Mama akasema hajaniuliza habari za bahasha. Akamgeukia Daktari, akamwambia kwamba fedha zake zinasimama na hizi zimelala, kwa hiyo atazame vizuri, huenda amechanganya. Halafu akaomba soda nyingine. Akasema yeye hana haraka.

Shemeji yako alielewa kabla yangu. Alifunga mlango kimya kimya, akauegemea kwa mgongo, akakunja mikono. Kile kitambi ninachokisema kila siku, siku ile kilikuwa komeo. Nami nikaimwaga bahasha mezani. Noti moja ya mia juu, nyingine ya mia chini, na katikati zote noti za dola moja moja, laini kama kitambaa cha kufutia vyombo. Nyumba yetu nzima, kaka, na miaka yako yote chini ya masinki ya watu, nilikuwa natoka nayo mlangoni imegeuka dola moja moja, na bado namtukana mtu kwa kujiamini.

Daktari alikumbuka ghafla kwamba ana bahasha nyingine inayofanana chini ya meza. Aliapa, akajilaumu, akamwomba Mungu amponye usahaulifu. Mama alizipokea noti zake, akazipitisha zote vidoleni, zikawa zinalia moja baada ya nyingine, na hapo ndipo alipoinuka na kumshukuru mwenyeji wetu kwa soda. Tulishuka ngazi zile sijui kwa miguu ya nani. Nilipofika chini nilikaa kwenye ukingo wa mtaro nikacheka mpaka nikalia, watu wakadhani nimefiwa.

Siku iliyofuata hatukufungua kazi. Tulifunga madirisha, tukajaza beseni maji ya vuguvugu, tukazisuuza dola zako bila sabuni, maji mara tatu, mpaka utelezi wa wanga ukaisha. Tukazilaza kwenye mataulo, tukazibana kwenye kamba chumba kizima, tukawa tunapita tumeinama chini ya fedha. Shemeji yako alikatazwa kupiga chafya. Mteja mmoja akaja kufuata suruali yake, akagonga sana, nikamwambia kupitia tundu la ufunguo kwamba tunaumwa wote, ugonjwa wenyewe unaambukiza. Akakimbia, na suruali hajaja kuichukua mpaka leo.

Tukarudi benki. Yule mkubwa alipotuona alikuja mwenyewe kusimama karibu na mashine. Keshia akaweka noti. Mashine ikazimeza zote bila kukohoa. Sikuweza kuvumilia, nilipiga kigelegele mle ndani, askari akanikemea na kisha akacheka. Zile chache zenye kichwa kidogo walizikata bei kama nilivyokwisha kujua, nyingine zote zilipata bei ya ubao, tena ubao sahihi. Fedha zikahamishiwa kwa mwenye nyumba hapo hapo, naye akatia sahihi karatasi za mauziano siku ile ile mbele ya wakili. Nyumba ni yetu, kaka. Imeandikwa kwa jina la Mama kama ulivyotaka. Yule bwana wa magari alikuja kesho yake kupima tena, nikamwambia kwa heshima zote ahesabu hatua zake kuelekea barabarani. Usiku ule nililala kama gunia. Sikuwa nimejua ni muda gani nimekuwa nikilala nimekunja ngumi.

Sasa kaa chini. Kuna jambo lilitokea ile siku ya kuanika, nimeliruka makusudi, nalirudia.

Noti zilipokauka nilimpa Mama fungu, nikamwambia atenge za mia upande huu na za hamsini upande ule, mimi nachukua nyingine. Akafanya kwa utulivu, anaongea, anacheka. Nilipochukua mafungu yake nikakuta yamechanganyika yote. Nikadhani ni bahati mbaya, nikampa tena, yakarudi yamechanganyika tena. Nikamwonyesha noti moja mbele ya uso wake nikamuuliza ni ya ngapi. Alinyoosha mkono kuishika, na mkono ukapita pembeni.

Mama haoni, kaka. Alikuwa haoni muda mrefu. Jicho moja lilikuwa limeshafunga kabisa, lingine linaona mwanga na kivuli. Alikuwa anapiga pasi kwa vidole, anatambua wateja kwa kikohozi na mwendo, nguo nyeusi ananiachia mimi eti zinamchosha. Sote tunakaa naye na hakuna aliyegundua. Na wanga, kaka, haukuwa wa kuzuia uchakavu. Alinieleza mwenyewe, kichwa ameinamisha, kama mtoto aliyekamatwa. Alisema ulipomkabidhi fedha zako aliogopa siku mtu atakapompa karatasi badala ya pesa naye asijue. Hakutaka kuomba macho ya mtu. Akazitia wanga ili ziwe na kitu ambacho vidole vyake havitakosea. Nilimuuliza kama aliogopa hata sisi wa humu ndani. Akasema mimi hapana. Shemeji yako alinuna siku kadhaa.

Nilimkumbatia nikalia kama mwehu. Nikakumbuka kelele zangu zote za asubuhi ile ya foronya. Yeye akaniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utaacha kazi uje, au utaanza kutuma fedha za hospitali badala ya kujijengea chumba chako. Nikaapa. Basi leo nimevunja kiapo, na si hicho tu. Ile fedha iliyobaki baada ya nyumba, uliyosema ni ya kukujengea chumba cha juu ili siku ukirudi uoe uwe na pa kukaa, sehemu yake kubwa haipo tena. Nimeitumia. Nilimpeleka Mama hospitali ya macho siku ya tatu baada ya mauziano, nilimdanganya kwamba tunakwenda kwa mteja. Daktari, wa kweli safari hii, alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo unaondoleka, ila tungechelewa zaidi ingekuwa shida. Sikukupigia kukuuliza. Nilijua wewe ungesema ndiyo, lakini Mama angekusikia, angekataa, na ukaidi wake unaujua. Nikalipa. Kama umekasirika kasirika na mimi, chumba chako nitakijenga kwa pasi, shati kwa shati.

Jicho la kwanza limefanyiwa upasuaji, la pili linafuata akipumzika. Walipomfungua bandeji nilikuwa nimekaa mbele yake, nimemshika mikono. Alipepesa, akanitazama muda mrefu. Nilisubiri aseme namshukuru Mungu, au mwanangu. Akasema kumbe na mimi nimeota mvi. Akazishika, akauliza zimeanza lini, na kwa nini hakuna aliyemwambia. Tangu hapo hatuna raha humu ndani. Anaona vumbi juu ya kabati, anaona mikunjo kwenye mashati niliyokuwa najisifu nayo, jana amenirudishia kola tatu. Amemtazama shemeji yako kuanzia buti hadi utosini, akauliza hiki kitambi ni cha lini. Naye, masikini, amefurahi mpaka akasahau kununa.

Lakini kaka, jana jioni aliniambia neno. Unakumbuka likizo yako ya mwisho, ulipoingia mlangoni akakushika uso kwa mikono yote miwili, akakupapasa mashavu, pua, masikio, asikuachie? Tulimcheka. Wewe ukasema Mama anakupima kama kitambaa cha suti. Aliniambia siku ile ulisimama mbele yake, naye akaona kivuli tu. Mwezi mzima ulikaa naye, ukala naye, ukaondoka, na hakukuona. Alivumilia mpaka gari lako likapita kona, ndipo akaingia ndani kulia, mimi nikadhani analia kwa kuwa umeondoka.

Sasa anaona. Ameniagiza, na hili ameniagiza kwa jina langu la Tindikali ili nisithubutu kusahau, kwamba chumba cha juu kitasubiri na mke atasubiri. Nauli unayo. Uje tu usimame pale mlangoni, mchana, jua likiwaka.

Tunakusalimu sote. Shemeji yako anasema usimletee miwani myeusi. Majirani wanakuulizia, na mwenye nyumba wa zamani naye ametuma salamu pamoja na mashati sita. Jihadhari na baridi, vaa ile fulana nzito chini ya ovaroli, kula vizuri, na msimamizi wako mkamalize maneno kabla hujamwomba likizo.

Ni mimi mdogo wako mwenye mvi,

Tindikali